GARI LA UMEME LAJA: JE, TUMEJIANDAA KULIPOKEA?

Wahenga wetu walinena: usione vyaelea, vimeundwa. Askari apandapo Land Cruiser alfajiri kwenda doria, au polisi awashapo Hilux kukimbilia mahali palipotokea ajali, aghalabu hakumbuki kwamba chombo hicho ni tunda la miaka mingi ya fikra, makosa na masahihisho ya watu walio mbali naye. Kwake gari ni gari tu: liwake, liende, lirudi. Lakini vyombo hivi tulivyovizoea vimo katika mageuzi makubwa, na mageuzi hayo hayatatungoja hadi tupate nafasi ya kuyafikiria.

Leo tungependa kuzungumza na ndugu zetu wa jeshi na polisi juu ya kampuni moja ya magari, yaani Toyota ya Japani, na mwendo wake wa kutoka kwenye mafuta kuelekea kwenye umeme. Hatukuichagua kwa nia ya kuitafutia wateja. Hiyo si kazi yetu, wala haihitaji msaada wetu. Tumeichagua kwa sababu magari yake yamo katika kambi na vituo vyetu, na kwa sababu mwendo wake una funzo ambalo askari aweza kulielewa upesi. Funzo lenyewe ni hili: chombo kipya hakina faida, na pengine huwa hatari, kikiwatangulia watu wanaokijua na ugavi unaokilisha. Kwanza mtu, kisha ugavi, kisha chombo. Anayeupindua utaratibu huo atayaona matokeo yake vitani, barabarani au katika karakana.

Tulipokuwa katika chuo cha maofisa wanafunzi, siku moja tulitoka kwa mazoezi ya msafara. Lori la pili likazimika mlimani, na yote yaliyokuwa nyuma yake yakasimama. Hapakuwa na adui wala mlipuko. Ni chujio la dizeli tu lililoziba kwa uchafu. Chujio jipya lilikuwamo ndani ya sanduku la vipuri, lakini hapakuwa na hata mmoja miongoni mwetu aliyejua kulifunga na kuitoa hewa iliyoingia katika mabomba. Tulikaa pale saa nne, tukiwa na bunduki safi na ramani zilizochorwa vizuri. Mkufunzi wetu, sajini wa makamo asiyependa maneno mengi, alitutazama kisha akauliza: "Maofisa watarajiwa, nani amewashinda leo?" Tukanyamaza. Hakuna aliyethubutu kujibu, "Adui, afande." Swali hilo halijatutoka mpaka leo, nalo ndilo lililotufanya tuishike kalamu.

CHOMBO KILICHOPIMWA MLIMANI

Yafaa tuanze nyuma kidogo. Mwaka 1950, vita vilipozuka Korea, Japani iliunda kikosi cha akiba cha polisi, nacho kikahitaji magari madogo yenye uwezo wa kupita penye njia mbaya. Toyota ikatengeneza gari la majaribio lililoitwa BJ, likiwa na injini kubwa ya petroli ya jamii ya injini za malori. Lakini zabuni ile haikuipata. Kikosi kilichagua jeep ya muundo wa Kimarekani iliyoundwa na Mitsubishi.

Wengine wangekata tamaa. Toyota haikukata. Mwezi wa Julai 1951, dereva wake wa majaribio, Ichiro Taira, aliliendesha gari hilo kuupanda mlima Fuji hadi kituo cha sita, mahali ambapo gari halikuwa limepata kufika. Wakuu wa polisi waliridhishwa na jaribio hilo, wakaagiza magari 289. Mwaka 1954 gari hilo likapewa jina ambalo leo halina mgeni katika Afrika nzima: Land Cruiser.

Tumelisimulia jambo hili ili askari wetu wajue kwamba gari wanalolitegemea lilikubaliwa na polisi baada ya kuupanda mlima, si baada ya kusifiwa kwa maneno. Chombo cha kazi hupimwa mahali pa kazi. Kipimo hichohicho ndicho tunachotaka kitumike kwa gari la umeme, bila upendeleo na bila chuki.

SIKU 49 ZA GARI LISILOTEMBEA

Katika mwaka 1993 Toyota iliunda kikundi cha wahandisi kulitafuta gari la karne ya 21. Kiongozi wao alikuwa Takeshi Uchiyamada. Walipofika mahali pa kuamua, wakaichagua njia ambayo hakuna kampuni kubwa iliyokuwa imeifuata kwa magari ya kuuzwa kwa watu wengi: njia ya mseto, ambayo wengi huiita haibridi, yaani gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme zikifanya kazi kwa kusaidiana.

Gari la kwanza la majaribio lilipokamilika, mwishoni mwa mwaka 1995, halikutembea. Wahandisi walihangaika nalo siku 49 kabla halijajivuta mita mia chache. Hebu tufikiri, ndugu askari, ni makamanda wangapi wangevumilia siku 49 za chombo kisichosogea! Lakini wale walikaa nalo, wakatafuta kosa moja baada ya jingine, na mwezi wa Desemba 1997 gari lililoitwa Prius likaanza kuuzwa Japani. Mwaka 2000 likavuka bahari kwenda nchi nyingine. Ilipofika Januari 2017, Toyota ilikuwa imekwisha kuuza magari ya mseto zaidi ya milioni 10 duniani. Uchiyamada mwenyewe alikuja kuwa mwenyekiti wa kampuni mwaka 2013.

Namna gari hilo linavyofanya kazi si uchawi. Linapoondoka polepole, mota ya umeme hulivuta. Likihitaji nguvu zaidi, injini ya petroli huingia kusaidia. Dereva akanyagapo breki, au gari linapoteremka mlima, mota hugeuka kuwa jenereta: ule mwendo ambao katika gari la kawaida hupotea kwa joto la breki, hapa hugeuzwa umeme na kuwekwa katika betri. Gari la mseto wa kawaida halichomekwi ukutani hata kidogo. Linajazwa petroli kama gari jingine lolote, ila linaitumia kwa uchoyo.

Na gari likisimama, injini huzima yenyewe. Jambo hili laweza kuonekana dogo kwa raia, lakini polisi wa kizuizi cha barabarani analijua vizuri. Ni saa ngapi kwa siku gari la doria husimama injini ikinguruma, kwa ajili ya redio na taa tu, likiyanywa mafuta ya serikali bila kwenda popote? Polisi wa Marekani wamelifikiria sana jambo hili. Ndiyo maana Ford iliwaundia gari la doria la mseto tangu toleo la mwaka 2020, lenye kuendesha vyombo vya ndani kwa betri wakati injini imezima. Nasi wa jeshi tuongeze hili: gari linaloweza kukaa lindoni bila mngurumo na bila joto la injini halimwiti adui.

NJIA NYINGI, LENGO MOJA

Baadhi ya watu hudhani kwamba Toyota ililala usingizi hadi wengine walipoanza kuuza magari ya betri tupu. Si kweli. Mwaka huohuo wa 1997 ilikwisha kutoa RAV4 ya umeme huko Marekani, lakini wanunuzi walikuwa wachache na mwaka 2003 ikaiacha. Mwaka 2014 ikatoa Mirai, gari linalotumia haidrojeni. Mwezi wa Desemba 2021, rais wa kampuni wa wakati huo, Akio Toyoda, alitangaza mpango wa kutoa aina 30 za magari ya betri na kuuza magari hayo milioni 3.5 kwa mwaka ifikapo 2030.

Hata hivyo Toyota imekataa kuweka mayai yote katika kapu moja. Msimamo wake ni kwamba dunia haina barabara moja wala umeme wa namna moja. Basi kila nchi ipewe chombo kinachoifaa, kiwe cha mseto, cha betri, cha haidrojeni au cha mafuta. Kampuni imepiga hesabu yake na kusema kwamba madini yanayotosha betri moja ya gari la umeme la safari ndefu yangetosha magari 6 ya mseto yenye kuchomekwa umeme, au magari 90 ya mseto wa kawaida. Katika mwaka 2023 iliuza magari ya mseto kiasi cha milioni 3.4, ilhali ya betri tupu yalikuwa kiasi cha laki moja tu.

Askari anaufahamu msimamo huo. Kamanda mwenye busara hapeleki kikosi chote kwenye kivuko kimoja kabla ya kujua kina cha maji. Hupeleka askari wa upelelezi, huweka kikosi cha akiba, na huulinda mstari wake wa ugavi. Lakini kamanda huyohuyo akikaa mno akipeleleza, adui atavuka mahali pengine na kumtokea nyuma. Nalo hili limeipata Toyota.

Kampuni ya BYD ya China ilianzishwa mwaka 1995, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kutengeneza betri. Leo ni miongoni mwa makampuni makubwa ya magari ya umeme duniani. Toyota, pamoja na ukuu wake wote, iliunda kampuni ya pamoja na BYD mwaka 2020, na gari lake la umeme liitwalo bZ3, lililouzwa China tangu 2023, linatumia betri za BYD. Wapo pia wanaoilaumu kwamba imejificha nyuma ya gari la mseto ili ichelewe kuyaacha mafuta, kwani gari la mseto, hata liwe na uchoyo namna gani, bado huchoma petroli. Lawama hiyo haikosi ukweli.

Tena gari lake la betri bZ4X lilipotoka mwaka 2022, haukupita muda mrefu ikawabidi wenyewe wayarudishe magari kiasi cha 2,700, kwa kuwa parafujo za magurudumu ziliweza kulegea na gurudumu kuchomoka. Wenye magari waliambiwa wasiyaendeshe kabisa hadi kosa lisahihishwe. Kampuni iliyoshinda mlima Fuji ilijikwaa kwenye parafujo! Tunalitaja jambo hili si kwa kucheka, bali kwa sababu lina heshima ndani yake: kosa lilitangazwa, magari yakasimamishwa, sababu ikatafutwa, ndipo mauzo yakaendelea. Laiti kila karakana ingekuwa na ujasiri wa kusema, "Gari hili lisitoke, lina kasoro," hata kama mkubwa anangoja nje!

MAFUTA YETU YATOKA WAPI

Msomaji aweza kuuliza: haya ya Japani na China yanatuhusu nini sisi wa Uganda? Tunajibu kwamba yanatuhusu kuliko tunavyodhani, kwa sababu nchi yetu haina bahari, na mafuta yanayoendesha magari yetu huja kwa njia ndefu kutoka pwani, hasa kupitia Mombasa.

Mwanzoni mwa mwaka 2008, ghasia za baada ya uchaguzi katika nchi jirani ya Kenya zilipoifunga njia hiyo, vituo vya mafuta vya Kampala vilikauka na bei ikapaa. Januari 2022 jambo lilirudi kwa sura nyingine: madereva wa malori waligoma mpakani Malaba na Busia kwa sababu ya vipimo vya Korona, na kwa siku chache tu mafuta yakawa adimu. Hakuna risasi iliyopigwa katika ardhi yetu, lakini gari la wagonjwa lilihitaji petroli siku hizo, na gari la doria pia. Mstari wa ugavi unaoweza kukatwa na mgomo wa siku chache si jambo la kuachiwa wafanyabiashara peke yao. Ni jambo la usalama wa taifa.

Kwa upande wa pili, umeme wetu tunauzalisha wenyewe katika mto Nile. Bwawa la Owen Falls pale Jinja, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, mwaka uleule Land Cruiser ilipopata jina lake. Tangu hapo yamefuata Bujagali mwaka 2012, Isimba mwaka 2019 na Karuma yenye megawati 600, iliyozinduliwa mwaka 2024. Maji hayo hayapiti mpaka wa mtu ili yafike kwetu kwa lori.

Vijana wetu nao hawakukaa bure. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Makerere kilionyesha gari dogo la umeme la Kiira, na mwaka 2016 likafuata basi la Kayoola lenye kusaidiwa na nguvu za jua. Kiwanda cha magari ya Kiira huko Jinja kilijengwa na jeshi letu kupitia shirika lake la uzalishaji mali, nayo mabasi ya umeme ya Kayoola yaliundiwa katika kiwanda cha jeshi cha Luwero Industries, Nakasongola. Kwa hiyo askari wa Uganda si mtazamaji katika habari hii. Mikono yake imekwisha kuishika kazi yenyewe.

Lakini tusijidanganye. Si kila kituo cha polisi kimefikiwa na waya wa umeme, na penye waya umeme hukatika. Kikosi kilichoko Karamoja hakiwezi kungoja betri ijae ilhali wezi wa mifugo wanavuka mto. Gari la betri tupu lisilo na mahali pa kujazwa ni mzigo wa chuma. Hapa ndipo busara ya njia nyingi inapotufaa: gari la ofisi linalozunguka Kampala na kurudi kambini kila jioni laweza kuwa la betri, gari la doria na la kizuizini laweza kuwa la mseto, lori la msafara mrefu libaki la dizeli hadi litakapopatikana lililo bora na kupimwa kwenye mlima wetu wenyewe. Toyota yenyewe inalijua hilo, ndiyo maana Land Cruiser inayouzwa Marekani tangu toleo la mwaka 2024 ni ya mseto, na Hilux mpya iliyozinduliwa Bangkok mwezi wa Novemba 2025 ina aina ya dizeli na aina ya betri ndani ya familia moja.

HATARI ILIYOKWISHA FIKA

Sasa tufike kwenye jambo linalotunyima usingizi. Tunapojadiliana kama gari la umeme litakuja au halitakuja, magari ya mseto yaliyotumika Japani yamekwisha kuingia katika barabara zetu, yakinunuliwa na raia kwa sababu hayali mafuta. Ajali nayo haichagui gari. Siku moja, katika barabara ya Masaka au ya Jinja, konstebo kijana atalikuta gari la namna hiyo limepinduka, na ndani yake mna mama na mtoto. Je, atajua analoligusa?

Betri ya gari la kawaida ni ya volti 12, na fundi huishika kwa mikono mitupu. Betri kubwa ya Prius ya kizazi cha pili, iliyoanza kuuzwa mwaka 2003, ina zaidi ya volti 200, na mitambo yake huziinua hadi kufikia volti 500. Umeme huo huua. Nyaya zinazoupitisha zimepakwa rangi ya machungwa ili zitambulike. Mwokoaji asiyelijua jambo hilo aweza kuukata waya wa rangi hiyo kwa nia njema kabisa, akidhani anamfungulia njia majeruhi, na mazishi yakawa mawili.

Tena gari hilo laweza kuwa kimya kabisa ilhali liko tayari kuondoka. Askari aliyezoea kusikiliza mngurumo atasema, "Limezima," kisha atasimama mbele yake, nalo likamrukia. Yafaa kila mmoja wetu akumbuke mambo machache. Kimya si kuzima. Tazama kwenye dashibodi kama taa yenye neno READY inawaka. Zuia magurudumu kwa jiwe au gogo. Weka gia mahali pa kuegesha, zima gari, na ufunguo upelekwe mbali. Ifunguliwe betri ndogo ya volti 12, kwani bila hiyo umeme mkubwa hukatwa kwenye betri yake. Hata baada ya hapo, umeme hubaki katika mitambo kwa muda wa kama dakika 10. Waya wa rangi ya machungwa usiguswe wala usikatwe kwa hali yoyote.

Na gari la betri za lithiamu likishika moto, ndoo mbili tatu za mchanga hazitoshi. Moto huo huhitaji maji mengi mno, na huweza kuwaka upya saa nyingi baadaye, hata siku ya pili, gari likiwa limekwisha kuvutwa hadi kituoni. Gari kama hilo lisiegeshwe kando ya jengo wala kando ya magari mengine.

Haya tuliyoyaandika si mafunzo kamili, wala mtu asijihesabu mtaalamu kwa kuyasoma gazetini. Ni king'ora tu. Mafunzo kamili yatolewe na wenye ujuzi, kwa vitendo, na gari likiwa mbele ya wanafunzi.

TUFANYE NINI

Kwanza, tunawashauri wakuu wa polisi kwamba idara ya zimamoto na askari wa usalama barabarani wawe wa kwanza kufundishwa, kabla ya kununuliwa gari jipya hata moja. Glavu za kuzuia umeme na mkasi wenye mipini iliyohamiwa kwa mpira hazigharimu kama jeneza la askari.

Pili, karakana zetu za jeshi zisingoje. Fundi aliyeijua injini ya dizeli kwa miaka 20 ni hazina, naye asitupwe kwa sababu ya chombo kipya. Apelekwe darasani, apewe kijana aliyesoma umeme, wafanye kazi bega kwa bega. Mzee amfundishe kijana subira na sauti ya chuma, kijana amfundishe mzee volti na kompyuta. Mwaka 2019 Toyota iliruhusu hataza zake karibu 24,000 za teknolojia ya umeme katika magari zitumiwe bila malipo hadi 2030. Mlango huo uko wazi kwa wahandisi wetu. Ni aibu mlango ukifungwa bila sisi kuchungulia.

Tatu, tuanze kuhesabu. Daftari la gari lionyeshe si kilomita tu, bali pia saa ambazo injini ilinguruma gari likiwa limesimama. Jambo hili halihitaji fedha. Lahitaji kalamu na uaminifu. Bila hesabu hiyo, atakayekuja kutuuzia gari la umeme atatudanganya, na atakayelipinga pia atatudanganya, nasi hatutakuwa na la kujibu.

Nne, gari lolote jipya lipimwe kwa kazi yetu: tope la Bundibugyo, vumbi la Kotido, milima ya Kabale, mzigo kamili na askari wote ndani. Likishindwa, lirudishwe bila haya. Likifaulu, lipokelewe bila kisingizio.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya nchi tajiri, nasi bado tunahangaika na matairi na chujio za dizeli. Tunawajibu kwamba ni kweli tunahangaika na chujio, na ndiyo sababu tunaandika. Siku ile mlimani chujio lilikuwamo sandukuni, jipya, ndani ya karatasi yake. Kilichokosekana ni mikono yenye kujua. Tukiyapokea magari ya umeme kwa mtindo uleule, tutakaa tena njiani, safari hii kando ya chombo cha bei kubwa zaidi na chenye uwezo wa kuua.

Toyota ilikaa siku 49 na gari lisilotembea kwa sababu ilikuwa na watu waliojua wanachokitafuta. Ndugu zetu wa jeshi na polisi, tusiogope kuchelewa kidogo tukiwa darasani. Tuogope kuwahi tukiwa hatujui. Tuanze na watu wetu leo, ili gari litakapofika limkute fundi amekwisha kuvaa glavu zake, na konstebo wa barabara ya Masaka anajua ni waya upi asiouguse.